SOMO LA WANACHAMA: KUMTAFUTA NA KUMTAMBUA MTAALAMU WA AKILI



Mfanyakazi akivunjika mguu kazini, kila mtu anajua la kufanya. Anabebwa, anafikishwa hospitali, katibu wa tawi anaandika taarifa na mwajiri anajulishwa. Lakini mfanyakazi ambaye hajalala wiki tatu, anayeruka kwa hofu mlango ukifungwa kwa kishindo, anayejificha kulia ili wenzake wasimwone, huyo hatujui tumpeleke wapi. Wengine wanamcheka. Wengine wanasema amerogwa. Msimamizi anaandika kwamba ni mlevi. Mwisho wake anaachishwa kazi, na wakati huo familia imekwisha uza mbuzi kwa kumlipa mtu aliyetundika kibao kando ya barabara.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nitatumia maneno ya kawaida. Somo hili lina shabaha moja. Kabla mwanachama hajampa mtu akili yake aitibu na fedha yake aipokee, lazima iulizwe: mtu huyu amesomea wapi, na ameandikishwa na nani? Na kazi ya kuuliza isiachiwe mgonjwa. Mgonjwa hana nguvu ya kuuliza. Ni kazi ya tawi.

1. KWA NINI NI JAMBO LA CHAMA

Wako watakaosema mambo ya akili ni ya nyumbani. Tuitazame wilaya yetu.

Tarehe 1 Mei 2013, siku ya wafanyakazi, mto Nyamwamba ulifurika ukaharibu nyumba na mali Kilembe na sehemu za mji wa Kasese. Mwezi Mei 2020 mto huo ulifurika tena, na hata hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Novemba 2016 yalitokea mapigano mjini Kasese ambamo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo, na wauguzi wa Kagando na Bwera ndio waliosimama mbele yake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha kule Mpondwe ilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Walioona mambo hayo kwa macho yao wanafanya kazi nasi. Ni walimu, wauguzi, madereva wa malori, wachukuzi wa mpakani, wachimba chumvi wa Katwe, wafanyakazi wa saruji kule Hima, vibarua wa Mubuku. Ongeza ajali za kazini, mikopo isiyolipika, na mishahara inayochelewa. Mtu hawezi kuacha mzigo huo getini akiingia kazini.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliirekebisha orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi mwaka 2010, likaweka ndani yake ugonjwa wa kiwewe, yaani ule unaomshika mtu baada ya tukio la kutisha. Kwa hiyo mwanachama akiwa na maradhi haya, chama kinayo haki ya kuyashughulikia kama kinavyoshughulikia mguu uliovunjika.

2. WAKATI NI MFUPI

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema hivi: mfanyakazi aliyekwisha fanya kazi mwezi mmoja mfululizo au zaidi, akishindwa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa, anastahili mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Mwezi wa pili ukiisha naye bado hawezi kazi, mwajiri anaruhusiwa kuuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake.

Sheria inamtaka mgonjwa afanye mambo mawili. La kwanza, amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo kwamba hayupo na sababu yake. La pili, mwajiri akidai, atoe cheti kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mchukuzi wa Mpondwe ameanza kuugua. Wiki ya kwanza anajificha. Wiki nne zinazofuata yuko kwa mtu mwenye kibao ambaye hakuandikishwa popote. Wiki ya sita fedha imekwisha, ndipo ndugu zake wanamleta hospitali. Mwajiri anadai cheti. Karatasi ya yule mwenye kibao haina nguvu yoyote, maana si daktari. Mchukuzi huyo amebakiwa na wiki mbili au tatu tu za kupona. Yule mwenye kibao amemla fedha, na pia amemla muda ambao sheria ilimpa. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, na hata kabla ya kifo, kazi humponyoka.

3. NANI NI NANI

Sisi hapa tunamwita kila mtu wa hospitali "musawo". Kwa heshima ni sawa, lakini kwa kutafuta msaada inafaa tuwatofautishe.

(a) Daktari wa magonjwa ya akili. Huyu kwanza alisoma udaktari wa kawaida, kisha akaongeza masomo ya magonjwa ya akili. Anaruhusiwa kupima, kuandika dawa na kulaza mgonjwa. Anaandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalojulikana kama UMDPC. Madaktari hawa ni wachache, na wengi wako mijini, hasa Kampala.

(b) Tabibu wa magonjwa ya akili. Hospitalini utasikia akiitwa PCO. Wanayo shule yao Butabika, Kampala, penye hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955. Anapima na kuandika dawa. Kwa watu wa wilayani, huyu mara nyingi ndiye mtaalamu wa kwanza utakayempata. Anaandikishwa na baraza linaloitwa AHPC.

(c) Muuguzi wa magonjwa ya akili. Amesomea uuguzi wa fani hiyo, naye anaandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, UNMC.

(d) Mwanasaikolojia. Huyu amesoma chuo kikuu namna mawazo, hofu, huzuni na tabia za binadamu zinavyofanya kazi. Anayetibu wagonjwa anatakiwa awe amesomea saikolojia ya tiba. Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha shahada ya pili ya fani hiyo. Haandiki dawa. Tiba yake ni mazungumzo yenye mpango, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki kadhaa.

(e) Mshauri nasaha. Amefundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu aone njia. Wako waliosoma miaka mingi, na wako waliohudhuria semina ya siku chache. Kwa hiyo mwombe cheti chake ukisome.

Wanachama wengine wamerudi kwa mwanasaikolojia wakinung'unika: "Nilipoteza nauli, nikapewa maneno matupu." Tuelewane. Mtu aliyeona wenzake wakifa, akili yake inalirudia tukio lile kama kwamba linatokea leo. Mtaalamu anamwongoza kulisimulia polepole, mahali pa salama, mpaka akili ikubali kwamba limekwisha pita. Kazi hiyo haimaliziki siku moja, kama vile mfupa hauungi siku moja. Ukikatiza baada ya siku ya kwanza umeacha dozi.

4. PA KUANZIA, KUTOKA BWERA NA KASESE

Mtu akisikia neno mwanasaikolojia anafikiri lazima apande basi la Kampala. Sivyo. Panda ngazi kuanzia kipandio cha chini.

Kipandio cha kwanza ni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Aliye Bwera au Mpondwe aende hospitali ya serikali ya Bwera. Aliye upande wa Kisinga aende Kagando. Aliye mjini au Kilembe aende hospitali ya Kilembe au kituo cha St. Paul. Akifika mapokezi aseme waziwazi: "Naomba kumwona musawo wa akili," kisha aulize siku za kliniki yake. Asiseme "kichwa kinauma" kwa aibu, maana atapewa vidonge vya kichwa arudi nyumbani. Katika foleni hiyo atawakuta pia wagonjwa wa kifafa, kwa kuwa wanatibiwa kliniki hiyohiyo. Kuonekana pale si fedheha.

Haya si mambo ya kuombaomba. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyofuta sheria ya zamani ya wakati wa ukoloni, inataka wagonjwa wa akili watibiwe tangu kwenye vituo vya afya vya chini, na haki zao zilindwe. Tena tangu mwaka 2001 malipo ya matibabu yaliondolewa katika hospitali za serikali, isipokuwa wodi za kulipia.

Kipandio cha pili ni jiji la Fort Portal, kilomita 75 hivi kutoka Kasese, lililopewa hadhi ya jiji Julai 2020. Hospitali ya rufaa pale, ambayo wengi tunaiita Buhinga, ina idara ya afya ya akili. Usiende mikono mitupu. Mwombe musawo wa Bwera au Kagando barua ya rufaa, na chukua lile daftari lako la matibabu. Mtaalamu akiona dawa ulizokwisha pewa hataanza upya.

Kipandio cha tatu ni Mbarara, penye hospitali ya rufaa na chuo kikuu kinachofundisha madaktari, au Kampala, penye Butabika na wanasaikolojia wa kujitegemea. Huko jijini ndiko kwenye wataalamu wengi, na ndiko kwenye wadanganyifu wengi pia. Ukifika jijini bila jina la mtu uliyeelekezwa, utamfuata mwenye kibao kikubwa. Kwa hiyo kabla ya safari muulize musawo wa rufaa: "Kuna mwanasaikolojia gani unayemjua kwa kazi yake, na anafanya kazi hospitali gani?" Mtaalamu anayefanya kazi ndani ya hospitali inayojulikana, au aliyewahi kusimamiwa pale, ni rahisi kumchunguza.

Jambo la lugha lisisahauliwe. Mtu hawezi kueleza uchungu wake kwa lugha ya kuazima. Uliza mapema kama mtaalamu anasikia Lukonzo, Rutooro au Kiswahili. Akihitajika mkalimani, asiwe msimamizi wako wa kazi, wala asiwe mtoto wako.

5. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Katibu wa tawi, au ndugu anayemsindikiza mgonjwa, aulize kwa adabu. Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Mfano:

"Habari za kazi, daktari. Tumemleta ndugu yetu. Kwa ruhusa yako, tungependa kujua umesomea fani gani na chuo gani?"

"Umeandikishwa na baraza gani, na namba yako ni ipi?"

"Tunaweza kuiona leseni yako ya mwaka huu?"

Ifahamike kwamba karatasi ni mbili. Cheti cha kuandikishwa kinaonyesha kwamba jina lake liliingizwa katika daftari la baraza. Leseni ya kufanya kazi ina mwisho wa muda, na lazima itiwe upya. Mtu anaweza kuwa na cheti ukutani na leseni yake imekwisha zamani. Soma tarehe. Soma pia kama jina lililo kwenye karatasi ndilo jina la mtu aliye mbele yako. Ukiwa na shaka, peleka jina na namba kwenye baraza lenyewe uulize; daftari la baraza limewekwa kwa ajili ya wananchi.

Kwa mwanasaikolojia na mshauri nasaha, ongeza maswali haya: Ulifanyia mazoezi ya kutibu wagonjwa hospitali gani? Nani anakusimamia? Uko katika chama gani cha fani yako? Mgonjwa akihitaji dawa unampeleka kwa nani? Washauri nasaha wa Uganda wanacho chama chao, UCA. Asiye na jibu kwa swali hata moja kati ya haya, mwageni kwa heshima mwondoke.

Madereva wetu wanaopita Kenya wajue kwamba kule ilitungwa sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, ikaunda bodi maalum ya kuwaandikisha. Ukitafuta msaada Nakuru au Mombasa, uliza leseni ya bodi hiyo.

Mwisho uliza bei: kila kikao ni kiasi gani, na anatazamia vikao vingapi? Liandikwe.

6. DALILI ZA MDANGANYIFU

Jihadharini na anayeahidi kuponya kwa siku moja. Jihadharini na anayetaka fedha yote mbele, anayekataa kuonyesha karatasi, anayekuita usiku au mahali pa faragha pasipo zahanati, anayetangaza siri za mgonjwa mmoja kwa mwingine, na anayemfunga mgonjwa kwa kamba au kumpiga. Zaidi ya wote, jihadharini na anayesema, "Acha dawa za hospitali." Mtu anayekatiza dawa za akili ghafla anaweza kuzidiwa vibaya.

Sisemi mtu asisali wala asiende kwa wazee wake. Sala inampa mtu nguvu, na wazee wanajua kupatanisha nyumba. Lakini mchungaji mwema na mzee mwema watakuambia, "Endelea na dawa zako, sisi tutakuwa pamoja nawe." Anayekulazimisha uchague kati yake na hospitali, huyo anatafuta mfuko wako.

7. KAZI YA TAWI

Kila tawi lifanye mambo haya kabla ya mkutano ujao.

Kwanza, lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kufunga mdomo, ambao mwanachama anaweza kuwaendea. Pili, watu hao waende hospitali iliyo karibu waulize siku za kliniki ya akili na jina la cheo cha anayehudumu, wakaandike kwenye daftari la tawi. Tatu, mwanachama akiugua, mmoja wao amsindikize siku ya kwanza. Nne, siku hiyohiyo taarifa ya maandishi iende kwa mwajiri, ikisema tu kwamba mfanyakazi ni mgonjwa na anatibiwa, na nakala ibaki tawini. Tano, cheti kitoke kwa daktari aliyehitimu. Barua ya mwanasaikolojia ni nzuri kuongezea, lakini isitegemewe peke yake. Mwombeni daktari aandike yale tu yanayohitajika kwa kazi. Habari za moyoni ni mali ya mgonjwa.

Sita, nauli. Safari ya Fort Portal kila wiki inamshinda kibarua. Tawi linalochanga kwa ajili ya msiba linaweza kuchanga pia kabla msiba haujatokea.

8. HATARI ISIYONGOJA

Ngoja ya siku za kliniki haimhusu kila mtu. Mwenzako akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, au akisikia sauti zinazomwamuru kujidhuru au kudhuru wengine, usimwache peke yake hata dakika moja. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitoa. Ondoa karibu naye vitu vya hatari, hasa dawa za kunyunyizia pamba. Kisha mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu leo hii, usiku au mchana. Kwa mtoto aliye katika hatari, simu ya 116 haina malipo.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika tawi letu, ni mwanachama gani aliyeachishwa kazi kwa "ulevi" au "uvivu," na je, tulimuuliza alikuwa anaumwa nini? (Msitaje majina hadharani.)

2. Cheti cha kuandikishwa na leseni ya kufanya kazi vinatofautiana namna gani?

3. Mfanyakazi ameugua wiki tatu na mwajiri hajajulishwa. Tawi lianze na hatua gani leo?

4. Nani kati yetu anajua siku za kliniki ya akili katika hospitali iliyo karibu? Kama hakuna anayejua, nani atakwenda kuuliza, na lini atatuletea jibu?

Ndugu wanachama, swali la nne lisijibiwe kwa kupiga makofi. Lijibiwe kwa jina la mtu na tarehe, katibu aandike.

Umoja ni nguvu.